Giza kwanza, taa baadaye: jinsi ya kuwafundisha watoto wadogo sikukuu za majira ya baridi kwa kazi za mikono

Mtoto wa miaka minne ukimweleza kwamba Wayahudi huwasha mishumaa kwa siku nane, atabaki na neno mshumaa, basi. Lakini mpe donge la unga wa chumvi, afinyange vishikio tisa na kuchomeka kijiti kipya kila jioni. Ikifika siku ya tano atakukumbusha yeye kwamba leo ni zamu ya kijiti cha tano.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwalimu wa chekechea mwenye watoto wa kati ya miaka mitatu na saba. Ninachosisitiza ni kimoja: mtoto aanze kwa kuelewa giza na baridi, kisha ndipo aletewe sikukuu. Nyingi ya sikukuu hizi zina taa, moto au nyota. Mtoto asiyejua kwa nini watu waliitamani taa wakati huo ataona mapambo tu, na mapambo husahaulika siku yanapoondolewa ukutani.

Hatua ya 1: Chagua sikukuu chache

Tamaa ya kuizunguka dunia nzima ndani ya wiki mbili ndiyo inayoharibu kazi hii. Leo Hanukkah ya Wayahudi, kesho Krismasi, keshokutwa Kwanzaa ya Wamarekani Weusi, na mwisho mtoto anaamini kwamba zote ni kitu kimoja chenye majina tofauti. Kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, sikukuu tatu zinatosha kabisa. Wakubwa kidogo wanaweza kubeba nne au tano. Kila moja ipewe angalau siku tatu.

Katika kuchagua, anza na sikukuu inayoadhimishwa nyumbani kwa mmoja wa watoto ulio nao. Waulize wazazi swali lenye sehemu mbili: mnaadhimisha nini kati ya Desemba na Februari, na siku hiyo mtoto wenu hufanya kazi gani? Sehemu ya pili ndiyo yenye thamani, kwa sababu jibu lake tayari ni zoezi. Mzazi akisema "yeye ndiye anayepanga machungwa kwenye sinia," basi umepata cha kufanya Jumatatu. Kisha ongeza sikukuu moja ya watu ambao watoto hawajawahi kukutana nao, na moja isiyofungamana na dini.

Zipange kwenye utepe mrefu wa karatasi ukutani, kila siku na mraba wake, ili mtoto aone kwamba kitu fulani kinakaribia. Uwe mwangalifu na tarehe. Krismasi haihami, ni 25 Desemba, ingawa Waorthodoksi wa Ethiopia na wa nchi kadhaa huiadhimisha 7 Januari. Hanukkah hufuata kalenda ya Kiyahudi, hivyo huanza kati ya mwishoni mwa Novemba na mwishoni mwa Desemba. Mwaka mpya wa Kichina huanza na mwezi mwandamo kati ya 21 Januari na 20 Februari. Sikukuu za Kiislamu hazina msimu, kwa kuwa hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka. Kuna miaka huwa ni za kiangazi, na miaka mingine huingia katikati ya baridi ya kaskazini. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Angalia kalenda ya mwaka ulio nao kabla ya kupanga chochote.

Hatua ya 2: Waonyeshe giza

Hatua hii wengi huiruka, nami nakuomba usiiruke hata ukibanwa na muda.

Chukua chungwa na ulichome kijiti kirefu kutoka juu hadi chini. Hiyo ndiyo dunia. Funga mapazia, weka tochi mezani iwe jua, kisha inamisha kijiti kidogo upande mmoja, kwa sababu mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi. Chomeka pini yenye kichwa cha rangi karibu na ncha ya juu, na nyingine katikati ya chungwa. Sasa inamisha ncha ya juu iwe mbali na tochi, umwache mtoto azungushe chungwa polepole. Pini ya katikati itaingia kwenye mwanga na kutoka kama kawaida. Ya juu itabaki gizani muda mrefu, na ikiwa karibu kabisa na ncha, haitaona tochi hata kidogo. Usieleze. Uliza tu: "Nani hapati jua?"

Baada ya hapo mpe kila mtoto vipande vya karatasi vyenye visanduku 24, kisanduku kimoja kwa kila saa ya siku. Wapake rangi ya njano saa za mwanga na nyeusi saa za giza, kwa siku fupi kuliko zote, ambayo upande wa kaskazini huwa 21 au 22 Desemba. Penye Ikweta ni karibu nusu kwa nusu, 12 njano na 12 nyeusi, mwaka mzima. London ni 8 njano. Stockholm ni 6, na jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, hakuna hata kisanduku kimoja cha njano, kwani huko jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Vibandike vipande vyote vinne ukutani, kimoja chini ya kingine. Watoto watasimama mbele ya kile cheusi tupu na kuuliza kama watoto wa huko huenda shule. Wajibu kwamba wanakwenda, tena wanacheza nje kwenye mwanga wa taa.

Kama mnaishi mahali pasipo na theluji, barafu ya friji inatosha. Gandisha maji kwenye bakuli pamoja na majani au maganda ya chungwa ndani yake, uwape watoto chumvi, maji ya uvuguvugu na vijiko, na waokoe kilichonaswa. Karatasi ya theluji nayo ina siri yake: chembe ya theluji huwa na pembe sita, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita. Kwa hiyo kunja duara la karatasi nusu, kisha nusu hiyo uikunje iwe sehemu tatu sawa, ndipo ukate. Zile za pembe nne au nane zinazouzwa kama mapambo si sahihi, na watoto hufurahi sana kuzigundua.

Hatua ya 3: Tayarisha meza na uondoe hatari

Vifaa vya msingi ni karatasi za manila, gundi ya maji, mikasi yenye ncha butu, uzi mnene, kadibodi za maboksi na unga wa chumvi. Unga huo ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, na maji kiasi cha kikombe kimoja, ukiyatia kidogo kidogo hadi donge liache kunata mikononi. Vilivyofinyangwa hukauka juani au penye hewa kwa siku mbili tatu, au kwenye oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3. Unga huu una chumvi nyingi mno, kwa hiyo mtoto asiule, na mbwa asiufikie.

Usitumie mishumaa ya moto na watoto wa umri huu, isipokuwa mtu mzima ameishika na watoto wamekaa mbali. Taa ndogo za betri ni nzuri, lakini zikague kwanza. Nyingi hutumia betri za duara, ndogo kama kifungo cha shati. Mtoto akimeza betri ya aina hiyo inaweza kumuunguza koo ndani ya muda mfupi sana, na hapo ni kumkimbiza hospitali mara moja. Tumia zenye mfuniko wa skrubu tu, na uzihesabu kabla na baada ya somo. Kwa walio chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la kadibodi linalobaki karatasi ya chooni ikiisha ni kidogo mno kwao. Na kabla ya kuleta chakula, waulize wazazi kuhusu mzio wa karanga, maziwa, mayai na ngano.

Watoto wa miaka mitatu wachanishe karatasi kwa vidole, wasilazimishwe kukata. Dakika kumi mezani zinawatosha. Baada ya hapo waachie mwili ucheze.

Hatua ya 4: Kitu kimoja mkononi, hadithi moja, na wenye sikukuu

Kila sikukuu ifuate mpangilio huo. Kwanza mtoto ashike na atengeneze kitu. Kisha asikie hadithi fupi inayokihusu. Mwisho ajue ni akina nani wanaoiadhimisha, na kwamba ni watu wa leo, wenye simu na mabegi ya shule, si watu wa kale vitabuni. Sema "familia za Kiyahudi huwasha," wala usiseme "zamani watu walikuwa wakiwasha." Ukiweza kumwalika mzazi mwenye sikukuu aje kuonyesha, mwachie nafasi yote na wewe ukae chini na watoto.

*Hanukkah.* Mpe kila mtoto kipande cha karatasi nyeupe na pamba iliyochovywa mafuta ya kupikia. Apake, kisha aiinue kuelekea dirishani. Karatasi inapitisha mwanga! Sasa ndipo mafuta yawe habari. Hadithi yenyewe isizidi sentensi chache: mfalme aliwakataza Wayahudi kusali kwa njia yao, walipolikomboa hekalu lao la Yerusalemu walikuta mafuta safi ya siku moja tu, lakini yakawaka siku nane. Ni simulizi ya mambo ya zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Kwa sababu hiyo vyakula vya sikukuu hii hukaangwa kwa mafuta, kama viazi vya kukwaruza na donati zenye jemu.

Kisha wafinyange kinara chenye nafasi tisa: nane za kimo kimoja, na ya tisa imeinuliwa au imetengwa, ndiyo ya mshumaa mtumishi unaowasha mingine. Usiku wa kwanza ni vijiti viwili, mtumishi na mmoja, na usiku wa nane ni tisa. Watoto wa miaka sita wanaweza kutafuta kwa maharagwe ni mishumaa mingapi itahitajika kwa sikukuu nzima. Jibu ni 44, na wakilifikia wenyewe hawatalisahau.

Mchezo wa pia, kile kidude cha kuzungushwa, ndio utakaoombwa kila siku. Kata mraba wa kadibodi wa sentimita 6, utoboe katikati, na upenyeze penseli fupi. Pia halisi ya Hanukkah ina herufi moja ya Kiebrania kila upande: nun, gimel, he na shin. Watoto wasiojua kusoma waongezewe rangi. Kila mchezaji huanza na maharagwe kumi na kuweka moja katikati, halafu huzungusha pia kwa zamu. Ikilalia nun, hupati kitu. Gimel, unachukua yote yaliyo katikati. He, unachukua nusu. Shin, unaweka moja. Neno "nusu" litaeleweka hapa kuliko kwenye daftari lolote, na wanaoshindwa watajifunza kungoja zamu ijayo.

*Lucia, 13 Desemba.* Hii ni fupi, na inafaa asubuhi kabla hapajapambazuka vizuri. Huko Sweden maandamano ya watoto waliovaa nguo nyeupe huingia gizani yakiimba, mbele akiwa msichana mwenye mshipi mwekundu na taji la taa, na baadaye huliwa mikate ya zafarani. Inamkumbuka Lucia, Mkristo wa Siracusa, huko Italia, aliyeuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya nne. Watoto wakunje unga wa mkate kuwa umbo la S lenye zabibu kavu mbili, moja katika kila mkunjo. Wakisubiri mikate iive, zima taa na umwache mtoto mmoja aingie chumbani na taa ndogo ya betri. Wengine wamtazame anavyokuja, na chumba kinavyobadilika.

*Yalda.* Wairani hukesha usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, 20 au 21 Desemba, wamekusanyika kwa wazee wao. Hula makomamanga, kokwa na tikitimaji, na husomeana mashairi ya Hafez, mshairi wa Shiraz wa karne ya 14. Mwaka 2022 UNESCO iliiingiza Yalda katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa watoto, komamanga peke yake ni somo zima. Mpe kila mmoja robo, avue kila punje kwa vidole juu ya bakuli la maji, ambamo punje huzama na ngozi nyeupe huelea. Wavae nguo za zamani, maana maji yake hayatoki kirahisi. Kisha kaeni chini kwenye mduara na taa moja katikati, na usome shairi la lugha yenu wanalolipenda, wakila punje moja kila mstari unapoisha. Nafikiri hakuna zoezi katika mwongozo huu linalotuliza watoto kama hili.

*Krismasi.* Ugumu wake ni kwamba watoto wengi wanadhani wanaijua. Wanajua zawadi. Wape hori, yaani chombo cha kulishia mifugo. Waeleze kwamba mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio huko Italia, Fransisko wa Asizi alitumia hori halisi, majani makavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho jinsi Yesu alivyozaliwa mahali duni. Watoto watengeneze hori la kadibodi, na kila siku mtoto akimsaidia mwenzake aweke unyasi mmoja ndani. Hori litajaa polepole. Usitangaze nani kaweka mangapi, la sivyo litakuwa shindano.

Na kama unataka miili yao iingie kwenye hadithi, chukua mfano wa Las Posadas za Mexico. Kuanzia 16 hadi 24 Desemba, watu hupita mlango hadi mlango wakiigiza Yosefu na Mariamu wanaotafuta mahali pa kulala. Wanakataliwa, wanakataliwa tena, hatimaye mlango mmoja unafunguliwa na wote wanaingia kusherehekea. Gawa watoto makundi mawili. Kundi la nje libishe hodi kwenye milango mitatu. Miwili iseme hakuna nafasi, wa tatu useme karibuni. Halafu wabadilishane, kwa sababu kila mtoto anapaswa kuonja kukataliwa na kuonja pia kufungua mlango. Waulize upande upi ulikuwa mgumu. Majibu yao yaandike kama walivyoyasema.

*Kwanzaa.* Hapa mtoto anayezungumza Kiswahili anaanza akiwa mbele, na usimnyime fahari hiyo. Sherehe hii ya Wamarekani Weusi ilianzishwa na mwanaharakati Maulana Karenga huko California mwaka 1966, na huadhimishwa kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari. Si ya dini. Familia nyingi huadhimisha Krismasi na Kwanzaa pia. Vitu vyake na misingi yake saba vina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Anzeni na mkeka, kwa kuwa vitu vyote vingine huwekwa juu yake. Kunja karatasi nyeusi ya manila katikati na ukate mistari kuanzia kwenye mkunjo, ukiacha sentimita mbili kabla ya ukingo. Ifungue. Mtoto apitishe vipande vyekundu na vya kijani, juu, chini, juu, chini. Kipande kinachofuata kianze chini. Watoto wa miaka mitatu watapotea njia, waache. Wa miaka mitano wataona kosa wenyewe wakifika mstari wa tatu na kurudi nyuma kulirekebisha, na hapo usiwasaidie mapema.

Kisha kinara cha mishumaa saba ya karatasi iliyoviringishwa: mweusi katikati kwa ajili ya watu wenyewe, myekundu mitatu kwa ajili ya mapambano yao, ya kijani mitatu kwa ajili ya matumaini. Siku ya kwanza huwashwa mweusi, na kila siku huongezwa mmoja. Juu ya mkeka huwekwa pia mazao, kikombe cha umoja, na muhindi kwa ajili ya watoto wa nyumba.

Salamu ya kila siku ni "Habari gani?" na jibu ni msingi wa siku hiyo. Badala ya nzuri, mtoto anajibu "Umoja!" au "Ujima!" Mpe kila msingi kitendo chake. Siku ya ujima, toeni vitabu vyote vilivyochanika mvigundishe pamoja. Siku ya kujichagulia, kila mtoto achague kazi ya kufanya na asipangiwe na mtu. Siku ya kuumba usiweke mfano wowote mezani, weka vifaa tu, na uvumilie kimya cha mwanzo.

*Mwaka mpya unaofuata mwezi.* Usiku wa kwanza wa sikukuu hii mwezi hauonekani. Siku ya 15, ambayo Wachina huadhimisha kwa taa za karatasi, mwezi huwa mpevu. Kwa hiyo zoezi bora ni la kuangalia juu: kila jioni mtoto achore umbo la mwezi kwenye kisanduku chake, mzazi akimsaidia nyumbani. Pakiwa na mawingu, achore mawingu. Mwishoni atakuwa na picha 15 za mwezi unaonenepa, na taa ya karatasi aliyoitengeneza itawekwa siku ileile mwezi unapokamilika. Wakorea nao huadhimisha mwaka mpya huo, na watoto wao huwainamia wazee kwa heshima na kutakiwa mema. Wavietnamu huita sikukuu yao Tết. Usiwaite wote Wachina.

Hatua ya 5: Igeuze dunia

Watoto wakishazoea kwamba baridi ni Desemba, rudini kwenye chungwa na muinamishe ncha ya chini iwe mbali na tochi. Sasa kusini ndiko kwenye giza, na ni Juni. Huko Cusco, Peru, 24 Juni ni Inti Raymi, sikukuu ya jua iliyotoka kwa Wainka, watu wa kale wa huko. New Zealand nayo huadhimisha Matariki mwezi wa Juni au Julai, na tangu mwaka 2022 ni siku ya mapumziko ya kitaifa. Matariki ni jina la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, la kundi la nyota tunaloliita Kilimia. Linapoonekana tena alfajiri katikati ya baridi, Wamaori huwataja kwa majina jamaa waliofariki mwaka huo, hula pamoja na kupanga mwaka unaoanza.

Chukua karatasi nyeusi, mtoto atoboe matundu machache yaliyosongamana kwa ncha ya penseli, na aifunike kwenye kopo lililoondolewa kingo kali. Weka tochi ndani na uzime taa. Nyota zitatokea darini. Kama kuna mtoto aliyefiwa na babu au bibi, hapa atapenda kutaja jina. Mwache ataje.

Hatua ya 6: Pambanua kujifunza na kuabudu

Watoto wanaweza kutengeneza kinara cha Hanukkah bila kusomeshwa dua ya Kiyahudi, na kutengeneza hori bila kusalishwa. Maneno ya ibada yaachie wenye ibada. Wakialikwa na familia kuyasikia, wasikilize kwa utulivu, wala wasiyaigize kama mchezo. Mavazi pia: kuonyeshwa vazi na mwenyewe ni somo zuri, lakini kumvika kila mtoto "vazi la Kichina" la karatasi humfundisha kwamba watu wengine ni maigizo.

Maswali magumu yatakuja, na mengi yana jibu fupi. "Je, sisi tunaamini hii?" Mjibu: "Familia ya mwenzako inaamini hivyo. Muulize mama au baba yako mnaamini nini nyumbani." "Kweli mafuta yaliwaka siku nane?" Mjibu: "Hivyo ndivyo Wayahudi wanavyosimulia, na ndiyo sababu wanawasha taa." Akiuliza kama Baba Krismasi yupo, mweleze kwamba aliishi askofu aitwaye Nikolasi katika mji wa Myra, nchi ambayo leo ni Uturuki, na kwamba anakumbukwa kwa ukarimu tarehe 6 Desemba, siku ambayo watoto wengi wa Ulaya hukuta zawadi ndogo viatuni. Sehemu iliyobaki ni ya wazazi wake, na wewe usiiguse.

Kuna familia ambazo hazisherehekei kabisa. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawaadhimishi Krismasi. Zungumza nao mapema, uwaonyeshe orodha yote ya mazoezi, na uwaache wachague yanayowafaa. Mara nyingi chungwa na tochi, visanduku vya mchana na usiku, barafu na kuchora mwezi havina tatizo kwao. Kwa siku zilizobaki, mwandalie mtoto huyo kazi yenye udongo, rangi na gundi kama ya wenzake, kwenye meza ileile, na itayarishwe kabla hajaingia mlangoni.

Ili ujue kama wamejifunza, ngoja wiki mbili, kisha panga vitu mezani: pia, punje kavu za komamanga, unyasi, mkeka, mchoro wa mwezi. Mtoto achague kimoja na akusimulie ni cha akina nani na hukitumia kwa nini. Akikumbuka kitu lakini amesahau wenyewe, hapo ndipo pa kurudia.